Kiti Kilichosogezwa Nyuma

Inspekta aliketi kwenye kiti cha dereva, akanyoosha miguu, na miguu haikufika popote. Klachi ilikuwa mbali, breki mbali zaidi, na yeye si mwanamke mfupi. Mwenye gari hilo la kijani, muuguzi wa zamu za usiku, alisimama nje ya mlango amejikumbatia ingawa jua la saa sita lilikuwa linachoma. Wakisimama pamoja, kichwa chake kilimfikia Inspekta mabegani.

"Mimi nikiendesha, pua inakaribia kugusa usukani," alisema. "Sasa niambie, Afande, nani amekaa hapo?"

Swali hilo alikuwa amelipeleka kituoni asubuhi, na Koplo wa kaunta alilicheka mpaka akafuta machozi. Gari halikuibwa. Kufuli halikuchokonolewa, redio ipo, jeki ipo. Ila kwa mara ya tatu ndani ya siku sita muuguzi ameamka jioni ajitayarishe kwenda kazini, akakuta kiti kimesogezwa nyuma hadi mwisho, kioo cha kati kimeinuliwa, na kioo cha mbele kimefutwa kwa ndani kikatakata. Koplo aliomba apewe anwani ya mwizi huyo, maana kaka yake ana gari chafu.

Inspekta hakucheka. Koplo alipomaliza utani wake, yeye alikuwa ameshalitoa kabatini jalada la fundi cherehani.

Fundi cherehani aliuawa Jumapili, siku tisa zilizopita, mchana kweupe, uani kwake, kando ya gari lake jeupe. Pigo moja la chuma kisogoni. Walioanza upelelezi waliandika kuwa ni wizi uliokatizwa, kisha wakaenda kula. Lakini mlango wa gari ulifunguliwa kwa ufunguo, na ufunguo wa marehemu ulikutwa ndani ya nyumba ukining'inia kwenye msumari wake. Marehemu alikuwa mfupi, akiendesha hukalia mto. Katika picha za polisi mto huo ulikuwa kiti cha nyuma, umekung'utwa na kuegemezwa vizuri, na kiti cha dereva kilikuwa kimesogezwa nyuma hadi mwisho. Wiki nzima Inspekta alikuwa akiuliza ni mwizi gani huyo anayepanga mito, na wiki nzima wenzake walikuwa wakimwambia apumzike.

Alimuuliza muuguzi alikuwa wapi siku hizo tatu. Muuguzi alionyesha dirisha lililokuwa hatua nne kutoka kwenye gari. Ndicho chumba anacholala mchana, na kwa joto hili dirisha halifungwi. Mtu alifungua mlango wa gari, akakaa anavyotaka, akafuta kioo, akafunga mlango taratibu na kuondoka, na yeye yuko pale amelala fofofo na shuka limemwanguka.

"Mwanangu akitoka shule hucheza humu ndani ya gari," muuguzi alisema. "Hujifanya dereva. Na leo shule zinafunga, Afande. Kuanzia kesho atashinda hapa kutwa."

Fundi cherehani hakuwa amefanya kosa lolote ila kutoka nje kwa wakati mbaya, na mtoto wa miaka sita hutoka nje wakati wowote. Huyo mtu lazima apatikane leo.

Alihamia kiti cha abiria, akainama. Kwenye zulia la mpira, kati ya vumbi, kulikuwa na alama za mviringo tano au sita, kila moja kubwa kidogo kuliko kifuniko cha chupa ya soda. Koplo, aliyekuwa amefuatana naye na sasa ameacha kucheka, alisema huenda ni mguu wa jeki. Hakuna mtu anayeweka jeki miguuni kwa abiria mara sita, lakini Inspekta alizipiga picha kwanza.

Jirani alikuwa anafua ng'ambo ya ua. Alikula yamini kwamba hakuona mtu mgeni, wiki nzima, isipokuwa wagonjwa wa sista. Watu wa mtaa humjia muuguzi kufungwa vidonda, wakamkuta amelala wakarudi, na jirani alikuwa ameshaacha kuwaangalia.

Inspekta alimficha Koplo ndani ya chumba cha muuguzi, nyuma ya pazia, na amri ya kutotoa hata chafya. Gari la kituo lilikuwa gereji, ambako ndiko linakoishi, kwa hiyo yeye alitoka kwa miguu.

Magari yote mawili, jeupe na la kijani, yalinunuliwa kwenye yadi moja, ya mtu aitwaye Honi. Jina hilo alipewa kwa sababu hauzi gari kabla hajalipigia honi mara tatu mbele ya mteja. Alimkaribisha Inspekta ofisini, chumba cha mabati chenye feni inayozungusha joto, na alipoulizwa nani amewahi kuyataka magari hayo, alichomoa daftari kubwa kwa fahari.

Honi alikuwa na utaratibu wake. Mtu akiuza gari, mara nyingi atarudi. Atapita siku ya tatu akijidai ana safari zake, atauliza kama limepata mtu, ataomba alione. Honi huwaandika wote, kwa sababu gari likija kuuzwa tena, hao ndio wateja wa kwanza. Alimsomea baadhi. Kulikuwa na mama mmoja aliyeuza gari ili amwoze binti yake, ndoa ikavunjika mwezi wa nne, na sasa anataka gari lake. Ndugu wawili waliuza pikapu ya marehemu baba yao, wakanuniana mpaka leo, na kila mmoja hupiga simu kwa siri kuuliza pikapu iko wapi. Daktari mmoja alikuwa na gari jipya la bei mbaya, lakini hupita yadi kila mwisho wa wiki kunusa viti vya lile la zamani.

"Na ukishaliuza tena, unawaambia limenunuliwa na nani?"

"Nawaambia linalala wapi. Roho zao zitulie."

"Umewapa wageni anwani ya mwanamke anayeishi peke yake na mtoto."

"Si wageni, Afande," Honi alisema, na ilionekana wazi anaamini. "Ni wenyewe."

Inspekta aliyameza aliyotaka kusema, akafungua ukurasa wa gari la kijani. Palikuwa na mtu mmoja tu, mzee wa teksi aliyeliendesha miaka kumi na miwili. Huyo, alisimulia Honi, alilia hapa hapa, akaliaga gari kwa kulipapasa boneti, na alitaka anwani kabla hata mnunuzi hajapatikana. Tena ni mrefu, akiingia humu ofisini hugonga feni. Kwenye ukurasa wa gari jeupe pia palikuwa na mtu mmoja, mwalimu wa udereva aliyestaafu. Honi alilipuuza jina hilo kwa kupunga mkono. Mzee wa watu hajiwezi, haendi popote, mwanawe ndiye huja kumwulizia.

Dakika ishirini baadaye Inspekta alikuwa kwenye kijiwe cha teksi, na mzee wa teksi alikuwa mrefu kweli, mikono mipana, macho ya mtu asiyejua kuficha kitu. Alikiri kabla hajabanwa. Ndiyo, hupita kuliangalia gari la kijani kila Ijumaa. Husimama ng'ambo ya barabara, akahesabu matairi, akaenda zake. Aliliuza mkewe alipolazwa, na hakuna siku iliyopita asilikumbuke, hata hili jipya likiwaka anaona kama limekosea mlio. Lakini hajawahi kulishika, mwanangu, ataingiaje? Funguo mbili alizokuwa nazo alizikabidhi. Na Jumapili ile alikuwa hapa hapa kijiweni tangu asubuhi. Wenzake sita waliokuwa wakisikiliza bila aibu walisema ni kweli, na mmoja akatoa picha aliyompiga siku hiyo akiwa amelala mdomo wazi.

Inspekta alimwangalia miguuni. Alivaa makubazi, akatembea wima bila kushika kitu.

"Ulisema funguo mbili," alisema. "Zilikuwa zote?"

Mzee wa teksi alifikiri. Alipolinunua gari aliambiwa kulikuwa na ufunguo wa tatu, umepotea. Hakujali. Watu wakinunua gari hubadilisha kava za viti, redio, matairi, wengine mpaka rangi. Kufuli za milango hakuna anayebadilisha.

"Aliyekuuzia ni nani?"

"Mwalimu. Yule wa udereva. Alinifundisha mwenyewe, kisha akaniuzia. Alikuwa nalo hilo na jingine jeupe." Kisha, kwa kuwa hakuona ubaya, aliongeza kwamba mwanawe Mwalimu alikuja wiki iliyopita, mtu mzima mwenye heshima zake, kuuliza la kijani limefikia wapi. Alimpa anwani aliyopewa na Honi.

Inspekta alichomoa simu. Gari jeupe lilikuwa limezuiliwa kituoni tangu mauaji. Lililobaki lilikuwa la kijani. Alimpigia Koplo, naye akanong'ona kwamba kuko kimya, muuguzi amekataa kulala, ameketi kitandani ameshika mkasi. Kisha alimwomba mzee wa teksi ampeleke kwa Mwalimu, amsubiri nje, na asipomwona baada ya nusu saa apige simu kituoni.

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa ya matofali, ndogo, imefagiliwa. Aliyefungua mlango alilazimika kuinama ili uso wake uonekane. Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi, shati limepigwa pasi, bisibisi ya fundi umeme mfukoni.

"Karibu, Afande," alisema, ingawa Inspekta alikuwa amevaa nguo za kiraia. Alimpisha, akafunga mlango kwa ufunguo, akauweka ufunguo mfukoni. Samahani kwa hilo, alieleza. Baba akiona mlango wazi hutoka akapotea.

Ilikuwa sababu nzuri, na ndiyo iliyomtisha Inspekta zaidi. Hakuna kitu katika nyumba ile ambacho hakikuwa na sababu nzuri.

Mwalimu aliketi karibu na dirisha, mzee mkavu aliyenyolewa ndevu vizuri. Ukutani juu yake kulikuwa na picha mbili tu, gari jeupe na gari la kijani, kila moja limesimama mbele ya kibao cha shule ya udereva. Fimbo yake ilikuwa imelazwa magotini. Ncha yake ilivishwa mpira mnene wa mviringo, na Inspekta hakuhitaji kuupima. Aliona mara moja yale ambayo jirani aliyaona bila kuyaona. Mzee anatembea polepole, ameshikwa mkono na mwanawe, kwenye ua wa muuguzi. Nani angeuliza?

"Fundi," mzee alimwambia mtu yule mrefu, "umemaliza taa za jikoni?"

"Bado kidogo, mzee."

Mtu mrefu alimtabasamia Inspekta, tabasamu la mtu aliyechoka. Hanifahamu, alisema. Mwaka wa pili sasa. Lakini kuhusu taa hajakosea sana, ndiyo kazi yangu. Kisha akasema atamletea mgeni maji, akaelekea jikoni.

Inspekta alijua ana dakika moja. Alivuta kigoda akaketi mbele ya mzee, na kabla hajafungua mdomo, Mwalimu alimkagua kuanzia juu hadi chini.

"Umechelewa," alisema. "Funga mkanda."

Inspekta alisita kidogo tu. Alivuta mkanda usiokuwepo, akaubana kiunoni. Mzee alisubiri. Akashika usukani usiokuwepo, mikono miwili, na mzee akaitikia kwa kichwa akamwambia aangalie kioo kwanza, gia baadaye, asiwe na haraka kama wenzake.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, "leo tunatumia gari gani?"

"Jeupe. Unaliona ni jeupe."

"Jumapili ulitoka nalo?"

"Jumapili tulisimama tu." Uso wa mzee ulianza kukunjamana, akitafuta kitu mbali. "Tulikuwa tunazungumza vizuri. Akaja mtu mfupi anapiga kelele, anasema wezi, wezi. Mimi sijaiba gari langu."

Ubao wa sakafu ulilia. Inspekta hakugeuka, alihamisha macho tu. Mtu mrefu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Mkono wa kushoto ulishika gilasi ya maji iliyojaa, wala hayakumwagika. Mkono wa kulia uliteremka kando ya paja, na mkononi mlikuwa na spana ya magurudumu.

Inspekta hakuwa na silaha. Mlango ulikuwa umefungwa na ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa shati lile. Hofu ilimpanda kutoka miguuni, wazi kabisa, hofu ya kisogo chake mwenyewe, na bado alikuwa ameshika usukani wa hewa kwa mikono miwili, akaogopa kuuachia. Katika chumba kile mtu pekee asiyeogopa alikuwa mzee.

"Endelea, Mwalimu," alisema.

Mtu mrefu alipiga hatua moja.

"Akamshika mwanangu shati," mzee alisema. "Mwanangu hajapigana na mtu tangu azaliwe. Sikumfundisha hivyo. Nikamwambia mwachie, twende, na mwanangu akachukua chuma akampiga. Akaanguka."

"Mwanao yupi?"

Mwalimu aligeuza kichwa. Alimtazama mtu aliyekuwa mlangoni, kwa muda, na kitu fulani kikaja usoni mwake polepole.

"Si ndiye huyu hapa?"

Gilasi ilianguka ikapasuka. Mtu mrefu hakuiangalia.

"Sema tena, baba," alisema.

"Niseme nini? Wewe ni mwanangu, unataka kuambiwa mara ngapi? Na mbona umesimama na spana, kuna pancha? Iweke chini."

Akaiweka chini. Aliinama, akailaza sakafuni kati ya vigae vya gilasi kama alivyoambiwa, akapiga magoti mbele ya kiti cha baba yake, na baba yake akaanza kumpangusa vumbi begani. Inspekta aliachia usukani, akanyoosha mguu, akaisukuma spana chini ya kabati.

Alieleza akiwa pale pale magotini, bila kuulizwa. Madaktari walisema hakuna dawa. Siku moja akamweka baba kwenye gari jeupe lililokuwa yadi kwa Honi, amfurahishe tu, na mzee akamwamuru afute kioo, kisha akamgeukia akamwita kwa jina lake. Robo saa. Kisha akili ya mzee ikaondoka tena. Likanunuliwa, wakalifuata huko na ufunguo wa zamani, kila fundi cherehani alipolala baada ya chakula. Hakuwa na fedha ya kuyanunua yote mawili, wala hata moja, na nani angemwelewa? Jumapili ile baba alikuwa ameanza kumuuliza habari za marehemu mama yake. Ndipo shati likavutwa.

"Na muuguzi angetoka?" Inspekta aliuliza. "Au mtoto wake?"

Kilichomtia Inspekta baridi kuliko spana yenyewe ni kwamba mtu huyu mpole alilichukua swali akalipima.

"Sikutaka ifike huko," alisema mwishowe. "Lakini spana nilikuwa naibeba kila siku."

Inspekta alitoa pingu. Mtu mrefu alimsaidia kwa kuinyoosha mikono yake na kutulia. Mwalimu aliwatazama, akasema somo limekwisha, wamfungulie mwanafunzi mlango. Inspekta alichukua ufunguo kwenye mfuko wa shati akaufungua. Jua likaingia. Mzee wa teksi alikuwa ameshashuka garini na simu mkononi. Aliwaona, akaishusha, akavua kofia. Inspekta alimwomba akae na Mwalimu hadi atakapopatikana mtu, naye akaingia, akajitafutia kiti.

Alimpigia Koplo. Alimwambia amwambie muuguzi aweke mkasi chini alale, na aite fundi wa kufuli leo leo. Upande wa pili alimsikia mwanamke akianza kulia, na nyuma yake mtoto, aliyerudi mapema, akiuliza kama anaweza kwenda kucheza kwenye gari.

Mtu mrefu naye alikuwa analia, pale kizingitini, kimya kimya, mikono mbele. Mwalimu alijiinua nusu kutoka kwenye kiti akamkodolea macho. Alimgeukia mzee wa teksi, kwa adabu, kama anayeuliza jambo la mtaani.

"Huyu kijana ni nani? Mbona analia hivi, baba yake yuko wapi?"

Mzee wa teksi alimgeukia mtu mrefu.

"Yuko nyumbani, mzee," mtu mrefu alijibu. Kisha akainamisha kichwa kisigonge mlango, akatoka.